Makelele hayafundishi klachi

Yeyote anayesafiri asubuhi katika barabara za Nairobi amekwisha kuliona gari hili. Ni gari dogo, limebandikwa herufi L mbele na nyuma, nalo limezima katikati ya mlima wa Valley Road. Nyuma yake matatu zimefuatana na kila dereva anapiga honi. Ndani yumo mwanafunzi, viganja vimelowa jasho, na kando yake mwalimu anafoka: "Klachi! Nimesema klachi, si breki!" Gari linawashwa, linaruka kama chura, kisha linazima tena. Wapita njia wanacheka na kushika njia zao.

Wengi hulitazama jambo hili kama kichekesho cha barabarani. Mimi nasema ni suala la afya, na lafaa kuzungumziwa katika kurasa hizi kama tunavyozungumzia malaria na shinikizo la damu. Namna mtu anavyofundishwa kuendesha gari la gia ndiyo huchangia kuamua kama atatulia au atababaika siku ya hatari, na kubabaika kwa sekunde mbili kwatosha kumwua mtoto anayevuka barabara.

Takwimu zenyewe zatisha. Kwa mujibu wa NTSA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri na usalama barabarani, kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Mwaka 2022 peke yake waliokufa walikuwa 4,690. Kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29.

Sisemi kwamba vifo hivyo vimeletwa na wanafunzi wa udereva, la hasha. Lakini kila dereva aliyeko barabarani leo, awe mwema au mwovu, aliwahi kuwa mwanafunzi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Dereva naye hukunjwa katika zile wiki chache za mwanzo, na akikunjwa vibaya tutaugharimia ubaya huo kwa miaka mingi.

Gia za nini zama hizi?

Wako wanaouliza kwa nini mtu ajitese na klachi ilhali magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani ni ya otomatiki. Hoja hii ina uzito wake. Gari la otomatiki humpunguzia dereva kazi, hasa katika msongamano wa Jogoo Road au Mombasa Road. Leseni zenyewe siku hizi hutenganisha aliyefunzwa kwa gari la otomatiki na aliyefunzwa kwa gari la gia.

Hata hivyo, hebu tutoke mjini kidogo. Pikapu ya kubebea maziwa, lori la mchanga, matatu ya abiria 14, mengi ya haya bado ni ya gia. Mama mjamzito anaposhikwa na uchungu usiku kijijini na ambulensi iko mbali, gari linalopatikana aghalabu ni pikapu ya jirani. Mwenye pikapu akiwa mgonjwa, au akiwa amelewa, nani atamfikisha mama yule hospitalini? Kijana aliyetoka mjini na leseni yake ya otomatiki atabaki kuutazama ule mti wa gia asijue la kufanya. Kujua gia, kwa hivyo, ni sehemu ya huduma ya kwanza katika nchi kama yetu.

Sababu ya pili ni miteremko. Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, katika sehemu ya Salgaa na Sachangwan, ilipata sifa mbaya kwa ajali za malori. Miongoni mwa mambo yaliyolaumiwa kwa miaka mingi ni mtindo wa baadhi ya madereva kutia fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Gari likiwa fri, injini hailizuii tena, na kazi yote huachiwa breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu zake. Hapo dereva hukanyaga na gari lisisikie. Dereva aliyefundishwa gia sawasawa hurudi gia ya chini kabla hajaanza kuteremka, injini yenyewe ikalishika gari, nazo breki zikapumzika. Somo hilo moja laweza kuokoa roho nyingi kuliko pikipiki zote za polisi wa trafiki.

Na asiyeweza je? Mwenye maumivu sugu ya goti la kushoto, aliyepatwa na kiharusi kikamdhoofisha upande mmoja, au aliyekatazwa na daktari, huyo gari la otomatiki ndilo linalomfaa, wala asione haya. Ninachosema ni kwamba mwenye viungo vizima asiikimbie klachi kwa sababu tu ya woga aliotiwa na mwalimu.

Klachi ni kitu gani?

Ajabu ni kwamba wanafunzi wengi huambiwa "kanyaga klachi" na "achilia klachi" bila kuelezwa inafanya kazi gani. Injini ikiwashwa huzunguka wakati wote, hata gari likiwa limesimama. Katika magari mengi madogo huwa ni mara 700 hadi 900 hivi kwa dakika. Magurudumu nayo yametulia tuli. Kazi ya klachi ni kuviunganisha na kuvitenganisha vitu hivi viwili. Kuna sahani inayobanwa kwa nguvu za springi kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali, sahani huachiliwa na injini ikazunguka peke yake. Ukiinua mguu, sahani huanza kushika, kwanza kwa kuteleza, kisha kikamilifu.

Mahali sahani inapoanza kushika ndipo penye siri yote. Mlio wa injini hubadilika ukawa mzito, na gari hutikisika kidogo kama mtu anayetaka kuinuka. Ukiinua mguu ghafla, injini hubebeshwa mzigo wote kwa mara moja, kama mchukuzi wa Gikomba aliyetupiwa gunia la viazi mgongoni kabla hajajiweka sawa. Hushindwa na kuzima. Kwa hivyo gari kuzima si dhambi, wala si dalili ya ujinga. Ni injini inayokuambia kwamba umeharakisha. Mwanafunzi akilielewa hili siku ya kwanza, nusu ya woga wake huisha.

Yanayotokea mwilini

Hebu tuhesabu kazi alizopewa mwanafunzi katika ule mlima. Mguu wa kushoto uinue klachi polepole. Mguu wa kulia utoke kwenye breki na uende kwenye mafuta. Mkono wa kushoto uachilie breki ya mkono, wa kulia ushike usukani. Macho yatazame mbele, kwenye kioo cha nyuma na kwenye vioo vya kando. Masikio yasikilize injini, honi, na mwalimu. Akili ya mwanadamu haiwezi kuyashughulikia mambo mapya mengi hivi kwa wakati mmoja. Likizidi moja, jingine huanguka, na mara nyingi linaloanguka ni lile muhimu kupita yote, nalo ni kutazama barabara.

Kadiri mambo haya yanavyorudiwa kwa utulivu, ndivyo ubongo unavyoyahamisha kutoka kwenye sehemu inayofikiri hadi kwenye sehemu za ndani na za nyuma zinazotunza mazoea ya mwili. Hizo ndizo zinazokuwezesha kufunga kamba za viatu au kusukuma chapati huku ukizungumza. Dereva mzoefu hafikirii klachi hata kidogo, na ndiyo sababu ana nafasi ya kumwona mtoto anayeukimbilia mpira.

Sasa tia makelele katika mambo haya. Mwili hautofautishi sana kati ya simba na mwalimu mwenye hasira. Mtu akitishwa, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini, moyo ukaenda mbio, pumzi ikawa fupi, mikono ikatoa jasho, misuli ikakakamaa, na macho yakakodolea kitu kimoja tu. Hali hiyo humfaa anayetaka kukimbia au kupigana. Haimfai hata kidogo anayetakiwa kuinua mguu wake kwa upole, kidogo kidogo, mpaka klachi ishike. Mguu uliokakamaa huruka, gari likazima, mwalimu akazidi kufoka, na mwanafunzi akazidi kukakamaa. Mwalimu wa aina hii analibomoa kwa kinywa chake lile lile analolijenga kwa mkono wake.

Madhara yake hayaishii darasani. Wapo waliopata leseni wakaiweka kabatini, na kila wakifikiria kushika usukani tumbo huwasokota. Wapo wengine wanaoendesha, lakini wakifika kwenye mzunguko wa barabara au kwenye mlima husahau yote. Huo ndio wasiwasi ulioota mizizi, na daktari yeyote atakuambia kwamba wasiwasi uliozoeleka ni mgumu kung'oa kuliko ule wa siku ya kwanza.

Mafunzo yanayofuata mwili

Je, yafaa mtu afunzwe vipi? Kwa maoni yangu, kazi zile zigawanywe, zifundishwe moja moja. Somo la kwanza liwe kwenye uwanja tambarare usio na watu, na liwe la klachi peke yake. Mwanafunzi atie gia ya kwanza, asikanyage mafuta kabisa, ainue klachi mpaka ahisi inashika, kisha aikanyage tena. Arudie mara ishirini, hata thelathini. Katika magari mengi gari litaanza kutambaa lenyewe. Hapo mguu hujifunza kwa kuhisi, wala si kwa kuambiwa.

Likifuata somo la pili, aongezewe mafuta. La tatu, kubadilisha gia akiwa anakwenda. La nne, kusimama na kuondoka. Mlima uje baadaye, na mwanzoni atumie breki ya mkono: aivute, ainue klachi mpaka ishike, aongeze mafuta kidogo, na aiachilie breki pale tu anapohisi gari linataka kwenda. Kwa njia hii gari halirudi nyuma hata inchi moja. Mjini Mombasa, katika ule mwinuko wa kutoka kwenye kivuko cha Likoni, ambako watu hupita kwa maelfu kando ya magari, ujuzi huu si pambo. Gari likirudi nyuma hapo, mtu ataumia.

Jambo jingine ni muda. Baadhi ya wanafunzi, kwa sababu ya kazi za ofisini, hutaka kumaliza masomo yote katika wikendi mbili. Haraka haraka haina baraka. Wataalamu wa elimu ya ubongo wamethibitisha kwamba ujuzi wa mwili hushika vyema ukifundishwa kwa vipindi vifupi vilivyoachana siku, kuliko ukibanwa siku moja. Usingizi nao ni sehemu ya somo, kwa kuwa ni wakati wa usingizi ubongo unapoyapanga uliyojifunza mchana. Nusu saa au dakika arobaini na tano mara tatu kwa wiki, na usiku mzima wa kulala, zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi baada ya kukesha Ijumaa.

Mguu, mgongo na macho

Kabla ya kuwasha gari, keti sawasawa. Sukuma mgongo wako mpaka ushike kiti. Kanyaga klachi mpaka chini. Goti lako libaki limepinda kidogo. Likinyooka kabisa, kiti kiko mbali, na utakuwa unanyoosha kiuno kila unapobadilisha gia. Likipinda mno, kiti kiko karibu, na goti ndilo litakalolipa. Maumivu ya mbele ya goti la kushoto na ya kiuno yanayowasumbua watu wanaoendesha magari ya gia katika msongamano huweza kupungua kwa kurekebisha kiti tu.

Kisigino kipumzike sakafuni pale inapowezekana, na klachi ikanyagwe kwa sehemu ya mbele ya wayo. Usiuweke mguu juu ya klachi wakati huibadilishi gia. Misuli ya paja na ya shavu la mguu hubaki imejikaza bila kazi, na sahani ya klachi nayo huungua polepole. Katika msongamano, ukisimama, tia fri, vuta breki ya mkono, na upumzishe mguu. Viatu viwe vya soli nyembamba na visivyovuka. Champali huteleza na kunasa chini ya pedali, na viatu vya visigino virefu humnyima dereva hisia za klachi. Dada zetu wanaotoka kazini kwenda darasani wabebe raba ndani ya mkoba.

Macho yapimwe kabla ya kulipa karo ya udereva. Wako watu wazima ambao hawajui kwamba hawaoni mbali mpaka wanaposhindwa kusoma namba ya gari lililo mbele yao. Kuhusu dawa, kuna vidonge vya mafua na vya mwasho, kama vile Piriton, ambavyo huleta usingizi. Ukivimeza, ahirisha somo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari asiingie darasani bila kula, kwa maana sukari ikishuka mtu hutetemeka na kuchanganyikiwa, na mwalimu atadhani ni woga. Mwenye kifafa ni lazima amwone daktari kwanza. Pombe sina haja ya kuitaja.

Na woga wenyewe? Dawa yake ya kwanza ni pumzi. Gari likizima, fanya mambo haya kwa mpangilio: kanyaga breki na klachi, vuta breki ya mkono, tia fri, kisha vuta pumzi kwa pua na uitoe kwa mdomo polepole mara mbili. Ndipo uwashe. Hizo ni sekunde kama kumi. Wenye haraka nyuma yako watangoja, na wakipiga honi, honi haijavunja mfupa wa mtu.

Wanaopaswa kubadilika

Haki haitatendeka tukimwachia mwanafunzi mzigo wote. Wenye shule za udereva wanapaswa kuwachunga walimu wao. Mwalimu ana pedali zake za breki na klachi upande wake. Anazo njia za kuliokoa gari bila kuinua sauti. Mwanafunzi anayelipa pesa zake ana haki ya kumwambia mwalimu, kwa adabu, "Mwalimu, tafadhali niambie polepole," na asiposikilizwa aombe mwalimu mwingine. Najua walimu hawa nao huchoka. Wanashinda juani, katika magari makuukuu, wakipokea mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaweza kuwatia hatarini. Basi wapewe mapumziko. Mwalimu aliyechoka hana subira, na subira ndiyo kazi yake.

Watahini pia wanahusika. Kwa miaka mingi mtihani wetu umetegemea ule ubao wa mji wa mfano, ambapo mtahiniwa husukuma kigari cha kuchezea na kueleza njia. Ubao huo hufundisha alama na haki za barabarani, na sisemi utupwe. Lakini hauna mlima, hauna mteremko, na kigari chake hakina klachi. Napendekeza kwamba asipite mtu kwa gari la gia mpaka asimame mlimani na kuondoka bila kurudi nyuma, kisha ateremke kilima akiwa katika gia ya chini. Dakika kumi zatosha kwa yote mawili.

Nyumbani nako kuna la kusema. Mume anayeamua kumfundisha mkewe, au kaka anayemfundisha nduguye, mara nyingi huokoa karo na kupoteza amani. Ugomvi wa jikoni huhamia ndani ya gari. Kama hamwezi kukaa nusu saa bila kutupiana maneno, mwachieni mtu wa kando afundishe, na ninyi mfanye mazoezi pamoja baadaye, baada ya mwanafunzi kupata leseni.

Mwisho, ninawageukia madereva wa matatu na sisi sote tulio na leseni mifukoni. Ukikuta gari lenye herufi L limezima mbele yako, ondoa mkono kwenye honi. Mwachie nafasi, maana anaweza kurudi nyuma kidogo. Honi yako haitaiwasha injini yake. Itakachofanya ni kumfundisha yule mwanafunzi kwamba barabara ni mahali pa vita, na kesho atakapokuwa dereva kamili atakuja kupigana nawe, au na mwanao anayetoka shule kwa miguu.